Fyuzi iliyo ndani ya plagi inalinda nini hasa?

Mkazi_wa_Chumbageni:
Wanajamvi, naomba ufafanuzi. Plagi ya taa yangu ya mezani, ile ya pini tatu bapa, ina fyuzi ndogo iliyoandikwa 3A, ilhali redio niliyoletewa na ndugu yangu kutoka Ujerumani ina plagi ya pini mbili za mviringo isiyo na fyuzi yoyote. Fyuzi ya taa ilipoungua, fundi aliweka ya 13A, na taa inawaka kama kawaida. Je, kuna ubaya? Na ikiwa sakiti breka ipo ukutani, hii ya kwenye plagi ni ya kazi gani?

Fundi_Mstaafu:
Ndugu, fyuzi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya taa wala kwa ajili yako, bali kwa ajili ya waya unaotoka kwenye plagi hadi kwenye taa. Plagi hiyo ni ya Uingereza, na kiwango chake, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947, wakati nchi hiyo ikijenga nyumba upya baada ya vita huku shaba ikiwa haba. Ili kupunguza matumizi ya shaba, soketi nyingi ziliungwa kwenye mzunguko mmoja unaotoka kwenye mein swichi na kurudi hapo hapo, ukilindwa na fyuzi ya 30A, ambayo siku hizi ni breka ya 32A. Waya mwembamba wa taa ukizidiwa, utakuwa umeshayeyuka kabla breka ya namna hiyo haijajizima. Ndiyo maana kila plagi ilipewa fyuzi yake. Ujerumani soketi kwa kawaida hulindwa na breka ya 16A, kwa hiyo hawakuona haja hiyo.

Hiyo 13A iondoe.

Hesabu_Kwanza:
Gawanya wati kwa volti 230. Birika la wati 2,500 linavuta karibu amperi 11, kwa hiyo linahitaji fyuzi ya 13A. Taa ya wati 40 haifikishi hata robo ya amperi. Kwa kawaida kifaa kisichozidi wati 700 huwekewa 3A, isipokuwa vyenye mota kama friji, ambavyo huvuta umeme mwingi vinapoanza kuzunguka, na hapo ni vyema kufuata maelezo ya mtengenezaji. Tena fyuzi ya 13A haikatiki papo hapo ikifika 13. Inaweza kubeba amperi 20 kwa muda mrefu.

Binti_wa_Pangani:
Niongeze kwamba fyuzi haimwokoi mtu aliyeshikwa na umeme, kwa sababu makumi machache tu ya miliamperi yanaweza kuua. Kazi hiyo ni ya breka inayokata umeme unapovuja, ambayo aghalabu hujizima kwenye miliamperi 30. Kuhusu redio, natumaini huichomeki kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi, kama wengi wetu tunavyofanya, maana hapo waya wake unabaki bila ulinzi wowote isipokuwa ile breka kubwa. Tafuta adapta yenye fyuzi ndani yake, na uweke ya 3A.