Picha za setilaiti ya Sentinel-2 za miombo: vipande vingi mno, mipaka haifuati kitu

Katuba_Ramani

Habari wakubwa. Ninapima jinsi misitu ya miombo inavyomegeka kati ya Lubumbashi na Kipushi kwa sababu ya makala (mkaa) na mashamba. Kuainisha pikseli (nukta ya picha) moja moja kulinipa ramani yenye madoadoa kama manyoya ya kanga, nikahamia kwenye kukata picha vipande kwanza. Natumia zana ya kukata picha LargeScaleMeanShift ya programu ya Orfeo Toolbox, picha ya Agosti, bendi (tabaka za mwanga) 4 zenye pikseli za mita 10, namba zote nimeziacha kama zilivyokuja. Mipaka haifuati msitu wala shamba, na nikihesabu mabaka ya msitu napata makumi ya maelfu. Nirekebishe wapi? Mashine ina RAM ya giga 8.

Mupima_Ardhi

Ndugu, anza na hizo namba ulizoziacha: spatialr 5 (umbali wa kutafuta majirani), ranger 15 (tofauti ya thamani inayoruhusiwa kati ya pikseli zinazoungana), minsize 50 (pikseli chache zaidi za kipande). Inayokuumiza ni ranger. 15 inafaa picha ya biti 8, ambayo thamani zake zinaishia 255. Sentinel-2 inaandika mwangaza unaorudishwa na ardhi ukiwa umezidishwa kwa 10000, kwa hiyo majani kwenye infraredi yanasoma elfu mbili na kuendelea. Tofauti ya 15 hapo si kitu. Karibu hakuna pikseli inayokubali kuungana na jirani, halafu hatua ya mwisho inazishikanisha kwa nguvu mpaka kila kipande kifike pikseli 50. Mipaka unayoiona ni ya huo ulazima, haitoki ardhini.

Kata dirisha la pikseli 500 kwa 500 (kilomita 5 kwa 5) lenye msitu, mashamba na ukingo wa mji. Jaribu ranger 100, 200, 400, kisha weka mistari juu ya picha na utazame kwa macho. Umbali unahesabiwa kwa bendi zote pamoja, kwa hiyo ukiongeza bendi, ranger nayo ipande. Ukiingiza NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) yenye thamani kati ya -1 na 1 bila kuizidisha, ni kama hukuiingiza.

Minsize 50 ni nusu hekta. Shamba la mahindi la robo hekta lina pikseli 25, litamezwa. Weka 20. Kipande kidogo kupita kiasi utakiunganisha baadaye, lakini kipande kilichobeba msitu na shamba pamoja hakuna uainishaji utakaokiponya. Kuhusu RAM usihofu, programu inakata picha kwa vigae vya 500 yenyewe.

Agosti sasa: moto umeshapita, nyasi ni majivu, na baka moja la msitu linakatwa mara mbili kwa sababu upande mmoja umeungua. Chukua picha ya mwisho wa Aprili hadi Juni: nyasi zinaanza kuwa njano, miti bado ina majani.

Kichuguu

Nakubaliana na yaya Mupima_Ardhi, ila Agosti nisingeitupa. Kata vipande kwa picha ya Mei, halafu kila kipande kipewe wastani wa Mei na wa Agosti pia. Msitu mnene hauungui kama nyasi, na tofauti hiyo inasaidia kuainisha.

Tahadhari kwa anayelinganisha miaka: tangu 25 Januari 2022 thamani za Sentinel-2 zimeongezewa 1000. Ukiweka picha ya 2019 kando ya ya 2024 bila kutoa hiyo 1000, NDVI itashuka mahali pote na utasema msitu umekufa. Wasambazaji wengine wameshaitoa, kwa hiyo soma metadata (maelezo yanayokuja na picha) usije ukaitoa mara mbili. Minsize nayo iwe moja kwa miaka yote, maana ukiibadilisha, hesabu ya mabaka inabadilika hata kama hakuna mti uliokatwa.

Katuba_Ramani

Aksanti sana. Kwa ranger 200 mipaka imekaa. Lakini miembe ya mtaani inaitwa miombo, na mabaka bado ni mengi.

Mupima_Ardhi

Mabaka ni mengi kwa sababu bado unahesabu vipande. Kipande ni kazi ya mkasi. Baka ni vipande vyote vya kundi moja vinavyogusana. Baada ya kuainisha, yeyusha mipaka kwa kundi (programu ya ramani ya QGIS, kwa Kifaransa, inaiita Regrouper), kisha tenganisha poligoni zenye sehemu nyingi ziwe moja moja. Ukiiruka hatua ya pili utapata "baka" moja la msitu kwa mkoa mzima. Hekta zihesabiwe kwenye EPSG:32735 (mfumo wa ramani wa UTM kanda 35 kusini, unaopima kwa mita), si kwenye digrii.

Miembe haitatengwa kwa rangi. Tumia ukubwa na majirani: kipande cha miti kilicho chini ya hekta 1, ambacho zaidi ya nusu ya mzingo wake inagusa nyumba, kiite miti ya mtaani. Pikseli peke yake isingeweza kukuambia hivyo.

Kama unafunza kwa rf (random forest, njia ya kuainisha kwa miti mingi ya maamuzi), classifier.rf.max, yaani kina cha juu cha kila mti, inakuja ikiwa 5, na miti mifupi hivyo inachanganya vichaka na msitu. Jaribu 15. Vipande 50 hadi 100 kwa kila kundi ni mwanzo mzuri. Vya kuhakiki vitoke mbali na vya kufunzia, na kosa lipimwe kwa eneo: kipande cha hekta 40 kilichokosewa hakilingani na cha nusu hekta.

Mwanza_Kasapa

Na vichuguu vikubwa vya huku, vinaweza kutoka kwa njia hii?

Kichuguu

Kwa Sentinel-2 hapana. Kichuguu cha upana wa mita 15 ni pikseli moja au mbili, na kitu kinahitaji pikseli nyingi ndani yake ili kiwe na umbo. Tafuta picha ya chini ya mita 1 au ya droni, na kama una modeli ya kimo, kata vipande kwa kimo kwanza, rangi baadaye.