Mjadala: Je, tuwapime moyo watoto wote shuleni kabla ya kuwahakikishia sindano ya kila mwezi?

Mtoa mada

Kila unapotajwa ugonjwa wa moyo kwa watoto wa shule, pendekezo linalotangulia ni kupeleka mashine za eko, yaani zinazoonyesha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, madarasani na kumpima kila mtoto. Ninapinga jambo hilo kwa namna linavyopendekezwa, na nitaeleza sababu zangu kwa kirefu, kwa kuwa najua watu wengi wenye nia njema watakuwa upande wa pili.

Ninaozungumzia ni ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Tofauti na ugonjwa wa mishipa ya moyo unaohusishwa na lehemu, ambao tumezoea kuusikia kwa watu wazima, huu huanzia kooni. Mtoto, mara nyingi wa kati ya miaka 5 na 15, hupata maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria wa streptokoka kundi A. Asipotibiwa, wiki chache baadaye kinga ya mwili wake inaweza kugeuka na kushambulia viungo, ngozi, ubongo na moyo. Maumivu ya viungo hupita, lakini valvu za moyo, hasa valvu ya mitrali iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto, hubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu hilo mpaka valvu ishindwe kufunguka au kufunga sawasawa. Ndiyo maana aliyekwisha kuugua hudungwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Sindano hiyo haiirudishi valvu katika hali yake ya awali; kazi yake ni kuzuia koo lisiambukizwe tena.

Wanaotaka upimaji wa jumla wana ushahidi ambao siwezi kuudharau. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya watoto wa shule wa Msumbiji, ambako uchunguzi wa kawaida wa daktari ulibaini watoto wawili hivi katika kila 1,000, ilhali eko iliwabaini 30 katika idadi hiyohiyo. Kisha ukaja utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, ukachapishwa mwishoni mwa mwaka 2021. Watoto 818 waliokuwa na ugonjwa usio na dalili waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakachomwa sindano kila baada ya wiki 4 na nusu wasichomwe. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 tu katika kundi la sindano, yaani asilimia 0.8, na kwa watoto 33 katika kundi lisilochomwa, yaani asilimia 8.2. Ni matokeo makubwa, na ni fahari kwamba yametoka kwetu Afrika Mashariki.

Hata hivyo, naomba tuzisome takwimu hizo zote, tusichague zinazotupendeza. Ili kuwapata watoto hao, walipimwa watoto 102,200. Waliotiliwa shaka katika kipimo cha kwanza walikuwa 3,327, na baada ya kurudiwa kwa kipimo kamili waliothibitika kuwa wagonjwa ni 926. Watoto 2,401 hawakuthibitika kuwa na ugonjwa huo, lakini wazazi wao walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba moyo wa mtoto wao una shaka. Pale Gulu palikuwa na wataalamu wa kuwaondolea shaka hiyo. Katika wilaya isiyo na daktari hata mmoja wa moyo, ni nani atakayeiondoa?

Zaidi ya hapo, watoto waliokuwa wakichomwa sindano hawakuachwa peke yao. Walikuwa na wasimamizi waliowafuatilia na vikundi vya kutiana moyo, na dawa ilikuwapo kila walipofika. Ukiviondoa hivyo, unabaki na mashine na jina la ugonjwa. Kumwambia mtoto wa miaka 10 kwamba moyo wake una kasoro, halafu akafika kituoni kwa sindano ya tatu akaambiwa dawa imekwisha, ni kumdhulumu. Msimamo wangu, kwa hiyo, ni huu: itangulie sindano isiyokatika, lifuate daftari la wagonjwa katika kila wilaya, ndipo ije mashine.

Mchangiaji wa kwanza (daktari, Mwanza)

Ndugu mtoa mada, nakushukuru kwa kuziweka takwimu wazi. Nakubaliana nawe kuhusu dawa, lakini mpangilio wako siukubali, kwa sababu una gharama ambayo hukuitaja, na wanaoilipa ni wagonjwa wanaofika kwetu wakiwa wamechelewa.

Katika daftari la kimataifa lililofuatilia wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki katika nchi 14, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda, takriban asilimia 17 walifariki ndani ya miaka 2, na umri wa kati wa waliofariki ulikuwa miaka 28 na ushei. Wengi wa waliosajiliwa walikuwa wanawake. Mara nyingi ugonjwa hujitokeza wakati wa ujauzito, kwani damu huongezeka na valvu iliyobana haiwezi kuipitisha; mama anaanza kupumua kwa shida na kudhaniwa kuwa ana pumu au upungufu wa damu. Akibahatika kuwekewa valvu ya chuma, atakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara, naye akishika mimba nyingine, dawa hiyohiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama huyu ndiye yule mtoto ambaye, kwa utaratibu wako, hatukumpima alipokuwa darasa la nne kwa kuwa daftari la wilaya lilikuwa bado halijaandaliwa.

Naomba pia tukumbuke historia yetu wenyewe. Kabla ya mwaka 2004, ambapo Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kitaifa, walikuwapo waliosema kwamba Mwafrika hataweza kumeza vidonge kila siku, na kwamba vituo vyetu havina uwezo wa kufuatilia wagonjwa wa maisha. Leo kliniki za CTC, yaani za huduma na tiba kwa wanaoishi na virusi hivyo, zinajua nani hakuja wiki hii na nani amehamia mkoa gani. Kliniki hizo hazikujengwa kwanza zikakaa tupu zikisubiri watu. Zilijengwa kwa sababu wagonjwa walijulikana na idadi yao haikuweza tena kufichwa. Kama wagonjwa wa rumatiki hawaonekani katika takwimu, ni ofisa gani wa mipango atakayewaagizia penisilini?

Mchangiaji wa pili (muuguzi, Kagera)

Nyote wawili mnaizungumzia sindano kana kwamba ni jambo la kuagiza tu, kwa hiyo naomba niseme kidogo kuhusu kuidunga. Dawa huja ikiwa unga katika kichupa, unachanganywa na maji ya sindano, na mchanganyiko wake ni mzito kiasi cha kuziba sindano usipofanya haraka. Hudungwa ndani kabisa ya msuli, nayo inauma, na mtoto aliyeumia mwezi huu huanza kulia mwezi ujao akiona tu geti la kituo. Wapo wahudumu wanaokataa kabisa kuitoa kwa kuhofia mzio, ingawa mzio mkali ni nadra. Kule Gulu kulitokea tukio moja la mzio wa aina hiyo, nalo lilikuwa hafifu.

Hofu nyingine ina msingi zaidi. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri kwamba wagonjwa ambao valvu zao zimeharibika vibaya wanaweza kuwa salama zaidi wakitumia penisilini ya vidonge, kwa kuwa baadhi ya vifo vilivyotokea baada ya sindano vilielekea kusababishwa na moyo wenyewe kuzidiwa wala si mzio. Ushauri huo haumhusu mtoto aliyegunduliwa mapema; huyo ndiye anayepaswa kuchomwa. Lakini mhudumu asipofundishwa tofauti hiyo, atamwogopa kila mgonjwa wa moyo anayeingia mlangoni na kumrudisha nyumbani. Katika mpangilio wowote mtakaokubaliana, mafunzo hayo yatajwe kwa jina na yatengewe fedha.

Mchangiaji wa tatu (mzazi, Morogoro)

Nawasoma kwa makini, ila nashangaa koo limesahaulika. Kwetu mtoto akikohoa au akilalamika koo kwa siku kadhaa, bado wapo wanaompeleka kwa fundi akatwe kimeo, na wengine hununua kapsuli mbili tatu za antibiotiki dukani wakaona yamekwisha. Kama ugonjwa unaanzia pale, kwa nini tusianze pale?

Mtoa mada

Mzazi wa Morogoro amegusa penyewe. Cuba ilifanya hivyo katika mkoa wa Pinar del Río kati ya mwaka 1986 na 1996, ikaunganisha tiba ya koo, daftari la wagonjwa na elimu kwa wazazi, na homa ya rumatiki, yaani lile shambulio linalofuata maambukizi ya koo, ikapungua sana. Ugumu wetu ni kwamba maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, na zahanati haina kipimo cha kutofautisha. Hata hivyo, mtoto anayefikishwa kwa mganga wa zahanati yuko pazuri kuliko aliyekatwa kimeo.

Daktari, mfano wako wa CTC una nguvu, lakini haufanani na jambo letu katika sehemu moja muhimu. Aliyepimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi anavyo kwa hakika, na asipotibiwa tunajua mwisho wake. Kule Gulu, katika watoto wapatao 400 ambao hawakuchomwa sindano, zaidi ya 360 hawakuzidiwa katika miaka ile 2. Tunawaomba watoto wengi wavumilie maumivu ya kila mwezi kwa ajili ya wachache tusioweza kuwatambua mapema. Inaweza kuwa haki kuwaomba hivyo, lakini haki hiyo inatudai tusiwakatie dawa katikati.

Niko tayari kuunga mkono eko sasa hivi kwa wajawazito wenye dalili na kwa watoto wanaoishi nyumba moja na mgonjwa aliyethibitika, kwa kuwa hatari yao ni kubwa zaidi na idadi yao inalingana na uwezo tulio nao. Kwa shule nzima nzima, bado nasubiri jibu la swali ambalo daktari hakuligusa: shule zikifungwa kwa likizo ya mwezi mzima, na mtoto aliyesajiliwa Mwanza akapelekwa kwa bibi yake Kigoma, ni kituo gani kitakachompokea na kumchoma sindano yake bila kumwanzishia uchunguzi upya?