Kompyuta mpya haiwaki, halafu yule jamaa ananiambia "mgonjwa ni wewe"!!!

Sultani wa Jedwali (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie. Simu nimeikata sasa hivi.

Mnamjua. Jina sitaji, uzi usije ukafutwa, ila yeyote aliyewahi kununua desktop pale akarudi na shida ameshaisikia hiyo sauti. Ile ya mtu ambaye mteja kamkatiza usingizi. Ile inayosema "enhee" kabla hujamaliza salamu. Huyo huyo.

Desktop yangu ni mpya. Siyo mtumba, siyo ya maonyesho. Wameiunganisha wao, wameipima wao, hata karatasi wameweka ndani: "imejaribiwa, imepita". Wakaifunga, kisha juu ya skrubu ya mfuniko wakabandika stika, ikichanika tu waranti imekufa. Nimeiweka mezani, nimechomeka, nimebonyeza. Feni zote zinazunguka. Mataa yanawaka rangi ambazo hazijapewa majina, chumba kizima kimekuwa ukumbi wa harusi. Monita sasa? Giza. Inasema haipati mawimbi, inajizima, inarudi kulala.

Nikampigia kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Nikamwambia swichi ya nyuma ya pawasaplai (kile kisanduku cha umeme) iko kwenye I, haiko kwenye O. Kebo ya monita nimechomeka kwenye kadi ya grafiki, siyo kwenye madabodi (ile bodi kuu). Kebo nimebadilisha, monita nimebadilisha. Vya USB vyote nimechomoa nikabakiza kibodi. Nimeiacha iwake muda mrefu, maana najua RAM (kumbukumbu) za aina ya DDR5 siku ya kwanza hujipima kwanza ndiyo picha ije. Na nikamwambia jambo kubwa kuliko yote: ukichungulia kwenye kioo cha pembeni, juu mkono wa kulia wa madabodi, kuna kataa kadogo kekundu pembeni ya herufi CPU, kanawaka na hakazimiki.

Akanyamaza. Nikamsikia anatafuna. Akamaliza kutafuna. Halafu, wakuu, nanukuu neno kwa neno:

"Mashine yetu ni nzima. Mgonjwa ni wewe."

MGONJWA NI MIMI. Mimi nimekaa mbele ya mashine yao iliyokufa, mahesabu ya mwisho wa mwezi yananisubiri, halafu mgonjwa ni mimi. Na nyuma yake nikasikia watu wanacheka. Wanacheka! Ofisi nzima! Nadhani hata mlinzi aliitwa aje acheke.

Uzi huu uko wazi. Kila aliyeonewa na huyu mtu atiririke.

---

Kiroboto

Wa kwanza. Nimekaa paleee.

---

Bibi Kibodi

Pole sana mwanangu. Huyo mtu namfahamu, mimi aliniambia kompyuta "haipendi mikono yangu". Nikamuuliza inapenda ya nani, akakata simu. Kumbe hajabadilika.

---

Chuma Chakavu

Mkuu usikasirike, swali dogo tu. Swichi ya ukutani umewasha?

---

Sultani wa Jedwali

@Chuma Chakavu nimesema FENI ZINAZUNGUKA. Zinazungushwa na nini, na dua? Watu kama wewe ndio mnaomwandalia yule jamaa njia. Mtu anasomewa taa ya CPU inawaka nyekundu, yeye jibu lake mgonjwa ni wewe. Hakuuliza hata modeli ya bodi. Hakuuliza namba ya risiti. Alitafuna, akameza, akatukana.

---

Tundu la Pini

Acheni utani kidogo tumsaidie mtu.

Mleta mada, hako kataa siyo pambo. Bodi nyingi za sasa zina taa nne zimepangwa pamoja: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki), BOOT (diski ya kuwashia). Mashine ikiwashwa inajikagua moja baada ya nyingine, ikikwama mahali taa ya hapo inabaki. Yako imekwama kwenye CPU, yaani imekwama mlango wa kwanza kabisa. RAM haijafikiwa, kadi ya grafiki haijafikiwa, ndiyo maana kubadilisha monita hakukusaidia kitu. Diski na Windows usiviguse hata kwa mawazo, huko mashine haijafika.

Kwenye hali hiyo mimi nashuku vitu vitatu. BIOS ya bodi (programu ndogo inayoamsha mashine) ni ya zamani kuliko prosesa, kwa hiyo haiitambui. Au pini za soketi inayokaa prosesa zimepinda wakati wa kuifunga. Au, na hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, waya wa umeme wa prosesa haujachomekwa. Prosesa ina waya wake peke yake wa pini 8, tofauti na ule mpana wa pini 24 unaolisha bodi. Ule wa 24 ukiwepo na huu wa 8 usiwepo, bodi nyingi zinafanya hivyo hivyo ulivyoeleza: feni zinazunguka, mataa yanapendeza, picha hakuna.

Usifungue chochote. Chukua tochi ya simu, mulika kupitia kioo kwenye kona ya JUU KUSHOTO ya bodi, piga picha uweke hapa.

---

Kiroboto

Bila picha uzi haujakamilika.

---

Mjukuu wa Modemu

Yangu ilikaa kwenye taa ya DRAM. RAM mbili, fundi kazibana kwenye nafasi mbili za karibu na prosesa wakati kitabu cha bodi kinasema kwa RAM mbili tumia ya pili na ya nne. Nikahamisha, ikawaka. Fundi huyo akataka nimlipe kwa "ushauri". Ushauri gani wakati nimesoma mwenyewe?

---

Sultani wa Jedwali

Picha hiyo hapo. Nimemulika mpaka macho yameniuma.

*(picha imeambatishwa)*

Hebu tazameni wenyewe. Ile soketi ndogo nyeusi pale kona, chini ya feni ya juu, ina matundu manane na YOTE MATUPU. Halafu shusheni macho kidogo, nyuma ya feni ile: kuna waya mweusi, kichwa chake kimegawanyika nne kwa nne, umefungwa kwa zip tie nadhifu kabisa, ncha ya zip tie imekatwa vizuri. Yaani mtu alipata muda wa kuukunja, akaufunga, akaupunguza zip tie kwa mkasi, lakini kuuchomeka hakupata muda.

Na karatasi inasema imejaribiwa, imepita. Imepita wapi?

Halafu mgonjwa ni mimi.

---

Tundu la Pini

Ndiyo huo. Kesi imekwisha. Huo waya ukichomekwa nina imani kubwa itawaka.

Angalizo kwa wanaosoma: waya wa prosesa na ule wa kadi ya grafiki wa pini 8 vinafanana kwa mbali lakini siyo kimoja. Wa grafiki kichwa chake hugawanyika sita na mbili, wa prosesa nne na nne, na upande wa volti 12 umegeuzwa. Ukiona hauingii usiulazimishe. Na msiazimane nyaya za pawasaplai za kampuni tofauti, hata kama zinaingia, mpangilio wa ndani unaweza kutofautiana ukaunguza bodi.

---

Chuma Chakavu

Basi chana stika, chomeka, fanya mahesabu yako. Unalialia nini wakati dawa umeshaiona kupitia kioo?

---

Sultani wa Jedwali

Nichane stika ili waranti ife, halafu kesho akipata sababu ya kusema niliharibu mwenyewe? HAPANA. Hiyo ndiyo furaha yake. Mashine itarudi na stika yake ikiwa nzima, na picha nimeziprinti kubwa, na nitamwonyesha tundu moja baada ya lingine, yote manane, mbele ya wale wale waliocheka. Nataka aniambie mbele yao mgonjwa ni nani.

Waya mimi sina shida nao. Binadamu husahau waya. Shida yangu ni ile sentensi. Nimempa dalili zote, nimemsomea taa, kazi yake nimemfanyia nusu, na yeye akatafuna mpaka akamaliza ndiyo akanijibu vile. Angesema "ilete tuangalie", nisingefungua uzi huu.

---

Bibi Kibodi

Mwanangu chukua mtu mzima uende naye. Hao wakikuona peke yako wanakuzungusha.

---

Mnyonge wa Prosesa

Na umwambie akuombe radhi kwa maandishi. Mimi nimeshuhudia mtu ananunuliwa maji tu ndiyo msamaha.

Ila mimi kisa changu ni kizito kuliko chako, naomba nafasi. Nilitaka kuweka Windows 11, ikakataa, ikasema TPM 2.0 (kile kichipu cha usalama) haipo. Nikapeleka kwa fundi. Akaizunguka mashine mara mbili kaweka mikono mgongoni, akasema "hii imezeeka, nunua nyingine, ninayo hapa". Nikarudi nayo nyumbani nimenyong'onyea. Kuingia BIOS, TPM ipo! Ilikuwa imezimwa tu, unaiwasha, unasevu, unatoka. Alitaka kuniuzia kompyuta nzima kwa sababu ya kitufe kimoja.

---

Mjukuu wa Modemu

@Mnyonge wa Prosesa huyo wako siyo huyu wa mleta mada kweli? Maana tabia zinafanana.

---

Mnyonge wa Prosesa

Huyu wangu hatafuni. Huyu wangu anapiga mluzi.

---

Kiroboto

😂😂😂 mluzi nimemjua. Yule wa mluzi aliwahi kuniambia tatizo la kompyuta yangu ni betri ya bodi, ile ya duara CR2032. Akabadilisha. Saa ikaacha kurudi nyuma, kweli, sikatai. Lakini nilimpelekea kwa sababu ya SPIKA.

---

Chuma Chakavu

Angalau spika. Mimi nilipeleka kompyuta feni inapiga kelele, ikarudi bila feni. Nikauliza, naambiwa "kelele si imeisha?"

---

Sultani wa Jedwali

Wakuu tusitoke nje ya mada. Mada ni yule aliyesema mgonjwa ni mimi. Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko juu yake akasikilizwa na bosi wao? Maana kesho nafika mapema, kabla hajaanza kutafuna.

---

Tundu la Pini

Jambo moja kabla hujaenda. Wakishauchomeka usiondoke kwa kuona picha tu. Ingieni BIOS, uone prosesa ile ile uliyolipia imeandikwa, RAM imetimia, na diski inaonekana. Mtu aliyesahau waya wa pini 8 anaweza kuwa amesahau na kitu kingine. Kisha ndiyo waanzishe Windows mbele yako.

---

Bibi Kibodi

Hapo kwenye RAM kuweni macho jamani. Mimi nilinunua yenye GB 16, nikafika nyumbani nikakuta 8. Kurudi, naambiwa nyingine "itaonekana ikizoea".

---

Mjukuu wa Modemu

RAM izoee?? Bibi ulimwacha salama huyo mtu?

---

Bibi Kibodi

Nilikaa kwenye kiti chake cha wateja mpaka ikazoea. Walipoanza kuzima taa za ofisi, ya pili ikapatikana.

---

Msaidizi wa Jukwaa

Kichwa cha uzi tumepunguza herufi kubwa. Endeleeni kwa staha, na msitaje majina.

---

Karani Mpole

Samahanini, naona humu kuna mafundi nami sijui pa kuuliza. Printa ya ofisini inasema karatasi imekwama. Nimefungua mbele, nyuma, na trei nimetoa, hakuna karatasi. Naifunga, inasema imekwama. Aliyetuuzia anasema printa ina haki yake ya kupumzika. Nimechoka nayo mno.

---

Tundu la Pini

@Karani Mpole zima, chomoa umeme, toa katriji, mulika ndani kabisa kwenye rola. Mara nyingi ni kipande kidogo cha kona kimebaki, kinakandamiza kile kijiti cha kuhisi karatasi. Kivute kufuata njia ya karatasi, usivute kwa kurudi nyuma. Kikiwa hakipo, sukuma kijiti uone kama kinarudi chenyewe.

---

Chuma Chakavu

Printa zote zina roho mbaya. Yangu inakataa kuprinti nyeusi kwa sababu wino wa NJANO umeisha. Barua yangu ina njano wapi?

---

Mnyonge wa Prosesa

Nunua ya leza, nyeusi tupu, utanishukuru.

---

Kiroboto

Leza ikiisha tona utakuja kulia humu humu. Tenki za wino ndiyo mpango.

---

Mnyonge wa Prosesa

Tenki usipoprinti mara kwa mara kichwa kinakauka. Wewe unaprinti nini kila siku?

---

Sultani wa Jedwali

Jamani, uzi wangu!

---

Karani Mpole

@Tundu la Pini NIMEKIPATA! Kona ya bahasha, ndogo kuliko ukucha. Imekubali, inaprinti. Mungu akubariki. Sasa inatoa mstari mweusi katikati ya kila ukurasa, huo nao ni wa nini?

---

Tundu la Pini

Ya leza au ya wino?

---

Kiroboto

Haya, tumeanza upya. Mleta mada sogea kidogo, Karani akae.