Bima ya baiskeli Uingereza: wakati wa kuuza hawaulizi kufuli, wakati wa kulipa hawaulizi kingine

Ndugu wanajukwaa, hasa mlioko Uingereza na mnaokwenda kazini kwa baiskeli, naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza jambo lenyewe kwa utaratibu ili atakayechagua bima baada yangu ajue anachonunua.

Baiskeli yangu iliibwa mchana kweupe nje ya kituo cha treni kusini mwa London, ikiwa imefungwa kwa fremu kwenye chuma kilichosimikwa na halmashauri kwa kazi hiyohiyo. Niliporudi nilikuta chini vumbi la chuma kilichokatwa kwa grainda, baiskeli haipo na kufuli nalo halipo. Polisi walinipa namba ya jalada, nikaituma kwa kampuni ya bima pamoja na picha, risiti ya baiskeli na risiti ya kufuli. Jibu lilikuja kwamba baiskeli ya thamani ile ilipaswa kufungwa kwa kufuli la daraja la Dhahabu la Sold Secure (shirika la Uingereza linalopima uimara wa makufuli), kwamba langu ni la Fedha, na kwamba hata hilo la Fedha sijathibitisha kuwa lilitumika, kwa sababu sikuwapelekea mabaki yake. Mabaki yapi, ikiwa mwizi ameondoka nayo?

Sharti lenyewe silipingi. Sold Secure hupima makufuli na kuyapanga kuanzia Shaba, Fedha na Dhahabu hadi Almasi, na kampuni nyingi hudai daraja fulani kulingana na thamani ya baiskeli. Ninachokipinga ni kwamba siku ya kununua tovuti yao iliniuliza jina, anwani na thamani ya baiskeli, ikapokea fedha papo hapo, wala haikuniuliza mahali popote ninafunga kwa kufuli gani. Sharti ambalo peke yake linaamua kama utalipwa au hutalipwa limewekwa nyuma ya kijitabu cha masharti, na katika karatasi fupi ya maelezo ambayo kampuni hulazimika kumpa mteja kabla hajanunua, limetajwa kama "kufuli lililoidhinishwa" tu, bila daraja. Kama huo si mtego, basi ni uzembe unaowanufaisha wao kila unapotokea.

Na sheria ipo. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Bima ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, kinaizuia kampuni kukataa dai kwa kisingizio cha sharti la namna hii iwapo mteja ataonyesha kwamba kutolitimiza kusingeweza kuongeza uwezekano wa hasara iliyotokea, katika mazingira iliyotokea. Mwizi aliyekuja na grainda ya betri angelikata la Dhahabu pia. Nimewaandikia hoja hiyo kwa kirefu, nao wamenijibu kwa sentensi moja kwamba msimamo wao haujabadilika.

Kwa hiyo wale mnaochagua bima kwa kutazama tovuti za kulinganisha bei, ambako ya bei ya chini ndiyo hukaa juu, tafadhali acheni. Unafuu huo mara nyingi unatoka mahali fulani: ama kiasi utakachobeba mwenyewe kabla ya kampuni kutoa chochote ni kikubwa, ama fidia inapunguzwa kadiri baiskeli inavyochakaa badala ya kulipwa bei ya mpya, ama baiskeli iliyoachwa nje kupita saa walizoweka wao haina bima tena. Bima ya vitu vya nyumbani nayo huwa na kikomo cha thamani kwa kila kitu, na wizi unaotokea nje ya nyumba mara nyingi hulipiwa nyongeza. Uanachama wa Cycling UK, chama cha waendesha baiskeli, una bima ya madhara utakayomsababishia mtu mwingine, ambayo ni jambo jema, lakini haugusi wizi.

Vijana wetu wanaosambaza chakula ndio ninaowahofia zaidi, maana bima ya kawaida ya baiskeli huondoa kazi ya kubeba mizigo kwa malipo, na wengi wao wanailipia kila mwezi wakidhani wamekingwa. Tena baiskeli ya umeme ambayo mota yake ina nguvu endelevu ya zaidi ya wati 250, au inayoendelea kukusukuma kupita kilomita 25 kwa saa, kisheria ni chombo cha moto na inahitaji usajili na bima ya namna nyingine kabisa.

Nimekwisha kuwasilisha malalamiko rasmi. Kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho, na baada ya jibu hilo mteja ana miezi 6 ya kulifikisha shauri Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha na bima, bila malipo. Akikubali uamuzi wao wa mwisho, kampuni inabanwa nao. Huko ndiko ninakokwenda. Ninachoomba kwenu ni kitu kimoja: aliyewahi kudaiwa mabaki ya kufuli lililoibwa pamoja na baiskeli, na hatimaye akalipwa, aeleze hapa alitumia ushahidi gani. Picha za kamera za kituo zinakubalika, au nazo watazikataa?