Usukani watetema nikifika kilomita 80, naomba ushauri

Ndugu zangu, nina gari aina ya Toyota Probox. Hapa mjini Mombasa liko sawa kabisa, lakini nikishapita Mazeras kuelekea Mariakani, mwendo ukifika 80 usukani waanza kutetema. Kwenye 100 mikono yote yatikisika, na nikizidi 110 mtetemo wapungua. Nikikanyaga breki hauongezeki, kwa hivyo disiki za breki sizishuku sana. Fundi ataka kubadilisha tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) na bushi (raba za viungo vya chini) zote, na hizo si pesa kidogo! Mimi naona tuanze na balansi ya magurudumu ya mbele, yaani kusawazisha uzito wake, tuangalie pia kama rimu imepinda au tairi lina uvimbe. Alaimenti mbovu nayo, yaani magurudumu yasiponyooka sawa, nijuavyo, husababisha gari kuvuta upande, si kutetema. Nabeba watoto humu, sitaki kubahatisha. Mwanianzisha wapi? Na balansi ya kuaminika yapatikana mtaa gani?