Naomba ushauri: je, Taurus G2C inamfaa mtu ambaye hajawahi kushika bastola?

Mama Neema, Houston

Habari zenu, ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Texas, ninayo kadi ya ukaazi wa kudumu, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika zamu za usiku. Mwezi uliopita gari la jirani yangu lilivunjwa vioo mara mbili ndani ya wiki moja, na tangu hapo nimekuwa nikifikiria kununua bastola ya kuweka nyumbani, na labda baadaye ya kutembea nayo. Sijawahi kufyatua silaha yoyote maishani mwangu. Kule kwetu Moshi, bunduki niliyowahi kuiona kwa karibu ni ya mlinzi wa benki tu.

Nimetenga dola 500 kwa kila kitu. Dukani nilionyeshwa Taurus G2C ya milimita 9, ambayo bei yake ni chini ya dola 300, magazini yake, yaani kikasha cha risasi, inabeba risasi 12, na ina kitufe cha usalama ubavuni, jambo ambalo lilinituliza moyo. Mwenzangu wa kazini anasema nisubiri mpaka nipate fedha za Glock 19, kwa sababu cha bei rahisi ni cha bei rahisi. Muuzaji mwingine naye akaniambia kwamba mwanamke anafaa kuanza na kitu kidogo zaidi, akanitolea Ruger LCP ambayo inaweza kuingia hata katika mfuko wa gauni. Naomba maoni ya wale ambao wamezitumia, si ya wale ambao wamezisikia tu.

Mzee wa Shabaha, Dallas

Dada Mama Neema, nianze na huyo muuzaji wa pili, kwa kuwa ushauri wake ndio unaowaharibia wanaoanza kuliko bei yoyote. LCP ina uzito wa gramu 270 hivi ikiwa haina risasi, na mpini wake ni mfupi kiasi kwamba kwa watu wengi vidole viwili tu ndivyo vinavyopata mahali pa kushika. Ijapokuwa risasi yake ya .380 ni dhaifu kuliko ile ya milimita 9, bastola nyepesi namna hiyo hurusha mkono vibaya, na alama zake za kulengea ni ndogo mno. Ni bastola nzuri kwa mtu ambaye tayari anajua kulenga na anataka kitu cha kuficha. Anayeanza hujifunza kufumba macho kabla risasi haijatoka, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi ya miezi.

G2C nimeitumia kwa miaka sita. Ina uzito wa gramu 620 hivi na mtutu wa inchi 3.2, na kwa mkono wangu kidole cha mwisho hukaa vizuri kwenye kitako cha magazini. Kifyatulio chake ndicho kitakachokushangaza: kinasafiri mbali sana kikiwa chepesi, halafu kinagota mahali pagumu, na ukikaza kidole hapo ndipo risasi inapotoka. Kina faida moja ambayo bastola nyingi za aina hii hazina, nayo ni kwamba risasi ikikataa kulipuka unaweza kuvuta tena bila kurudisha nyuma slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachoteleza. Mimi mwenyewe siitumii faida hiyo, kwa sababu risasi iliyokataa mara moja ni bora itolewe iingie nyingine.

Kuhusu kile kitufe cha usalama, usikinunulie amani. Kitakusaidia ikiwa utakifanyia mazoezi mpaka kidole gumba kikishushe chenyewe unapoinua bastola kwenye shabaha; usipofanya hivyo, siku ya hofu utavuta kifyatulio na hakitatoka kitu.

Kijana wa Kilifi, Columbus

Ninaafikiana na Mzee kuhusu LCP, lakini kuhusu Taurus naomba tuseme yote. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilifikia mapatano katika kesi ya wateja hapa Marekani, kuhusu madai kwamba baadhi ya bastola zake za zamani, ikiwemo PT-111 Millennium, zingeweza kufyatuka zikiangushwa. Kampuni haikukiri kosa, na G2C haikuwamo katika kesi hiyo kwa kuwa ni toleo la baadaye, ila katika maduka ya vitu vilivyotumika bado majina hayo yanakaa kwenye kabati moja, na mgeni hawezi kuyatofautisha. Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, soma jina lote lililochongwa kwenye chuma.

Kama ningekuwa wewe, ningeongeza kidogo nikaangalia G3C, iliyotoka mwaka 2020. Kwa umbo ni ndugu yake kabisa, lakini alama zake za kulengea ni za chuma, wakati zile za G2C ni za plastiki na zangu zililegea. Ukipata nafasi ya kuazima Ruger Security-9, ijaribu pia. Ni ndefu kidogo, inabeba risasi 15, na mwanzoni urefu huo ni rafiki yako. Glock 19 ni bastola njema, sina neno nayo, isipokuwa itakumalizia dola zako zote 500 kabla hujanunua hata boksi moja la risasi.

Bi Rehema, San Antonio

Mwanangu, hawa kaka zako wamesema ya chuma, mimi nitasema ya fedha na ya nyumba. Bastola ya dola 280, kisanduku cha chuma chenye kufuli dola 50, kozi ya siku moja dola 80 au 100, na zinazobaki zote ni risasi, ambazo boksi la 50 ninalipata kwa dola 15 hivi. Hapo ndipo G2C inapomshinda Glock kwa mtu wa kipato chetu. Niliwahi kununua bastola ghali nikakaa nayo mwaka mzima nimefyatua mara 30, nikawa ninamiliki kitu nisichokijua.

Kadi yako ya ukaazi inakuruhusu kununua. Walio hapa kwa viza za muda, kama wanafunzi, sheria ya shirikisho huwazuia isipokuwa wachache, mathalani wenye leseni halali ya uwindaji. Dukani utajaza fomu ya 4473, ile ya serikali ya shirikisho kwa wanunuzi wa silaha, na jina lako litapitishwa kwa FBI wakuchunguze, nawe lazima uwe umetimiza miaka 21. Neema ana umri gani? Ninauliza kwa sababu Texas humshtaki mtu mzima aliyeiacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Juu ya kabati siyo mahali pa kufungia kitu.

Na kuhusu kutembea nayo, fikiri upya. Tangu Septemba 2021 Texas haidai kibali cha kubeba kwa mtu mzima anayestahili kumiliki, lakini hospitali na makao ya wazee yamo katika orodha ya mahali pasipoingizwa bastola bila idhini ya maandishi. Maana yake ni kwamba usiku kucha itakuwa ndani ya gari, nawe umetuambia magari ya mtaani kwenu yanafanywa nini. Na siku ukienda likizo Moshi, iache hapa. Tusije tukasoma habari zako kutoka uwanja wa ndege.

Mama Neema, Houston

Shikamoo Bi Rehema, na asanteni nyote. Neema ana miaka 11, kwa hiyo kisanduku nimekinunua kabla ya bastola yenyewe.

Jumamosi nilikwenda kwenye ukumbi wa kulenga shabaha ambako wanakodisha, nikajaribu tatu pamoja na mwalimu. Mwanzoni sikuweza kabisa kuirudisha slaidi ya G2C, nikawa ninaivuta kwa ncha za vidole kama mtu anayefungua kopo la maziwa, nikakaribia kulia. Mwalimu akaniambia niikamate kwa kiganja chote kutoka juu, niishikilie hapo hapo, kisha niusukume mpini mbele kwa mkono wa kulia, mtutu ukielekea kwenye shabaha wakati wote. Ilifunguka mara ya kwanza.

Kwa umbali wa yadi 7, risasi za LCP nilizitawanya karatasi nzima na ngozi ya kati ya kidole gumba na cha shahada ikawasha mpaka jioni. Za G2C zilikaa katika eneo la ukubwa wa sahani, nyingi zikiwa chini kushoto. Za Security-9 zilikaa katika eneo la ukubwa wa kikombe, lakini sikukipenda kifyatulio chake. Kutembea nayo nimekuachia wewe, Bi Rehema, itakaa nyumbani.

Mzee wa Shabaha, Dallas

Marahaba kwa niaba ya Bi Rehema. Hizo za chini kushoto, kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, mara nyingi ni kidole kinachokurupuka na kiganja kinachobana risasi inapotarajiwa. Mwombe mwalimu akuwekee bastola bila wewe kujua kama ina risasi au haina, nawe vuta kifyatulio taratibu. Utauona mtutu ukiinama wenyewe pale ambapo haina kitu. Kabla ya kulipia ile ya dukani, hakikisha magazini zilizomo ndani ya boksi ni mbili.