Chemka au Materuni, wapi kuzuri kuogelea? Mwenye gari anataka hela kabla ya Alhamisi

Kijana wa Soweto (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Jumamosi hii nataka kuitoa familia tukaogelee maji ya asili, maana yale ya hoteli yenye klorini yameshatuchosha macho. Nimebakiza sehemu mbili, chemchemi ya Chemka na maporomoko ya Materuni. Zote sijawahi kufika japo huu ni mwaka wa sita nakaa Moshi (msinicheke). Mwenye gari anataka nusu ya hela kabla ya Alhamisi, na bei zake hazifanani kwa sababu moja iko tambarare na nyingine mlimani. Wapi kuzuri? Naomba kuwasilisha.

Dereva wa Noah
Mkuu umeleta uzi nusu. Mko wangapi? Watoto wapo? Nani anajua kuogelea? Gari la chini au la juu? Unauliza "wapi kuzuri" kama vile unauliza Simba na Yanga.

Mama Kokoto
Chemka, tufunge uzi. Unatoka Moshi unashika njia ya Arusha, Boma Ng'ombe unaacha lami, unapita Rundugai huku unakula vumbi na kujiuliza kama umepotea. Nyika tupu, mbuzi na miiba. Ghafla unaona miti mikubwa imejikusanya pamoja, unashuka, na chini ya mikuyu kuna maji ya bluu mpaka unaona kokoto za chini. Tumbo langu huwa linacheka lenyewe. Samaki wadogo wanakuja kukudonoa nyayo, kuna kamba ya kubembea, chipsi zipo. Unataka nini tena?

Ngosha84
Mama Kokoto usimdanganye mwenzio. Mimi niliambiwa "twende Maji Moto, panaitwa Chemka", nikabeba trei zima la mayai mabichi nikijua nitayachemshia hapo. Nimefika, maji vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Nilirudi Arusha na mayai thelathini, mawili yamepasukia kwenye begi.

Mama Kokoto
😂😂 Nani alikwambia yanachemka kwa moto? Yanachemka kwa kububujika kutoka ardhini. Angalia pale pembeni mwa mizizi, utaona vipovu vinapanda.

Mluguru Halisi
Mnazungumzia vidimbwi. Mtu anayetaka maji ya asili aende Sanje, Udzungwa. Maporomoko ya mita 170, unapanda kwa miguu ndani ya msitu, juu kuna mabwawa ya kuogelea huku unaliangalia bonde lote la Kilombero na mashamba ya miwa. Ukiwa na bahati unamwona mangabe wa Sanje, kima ambaye dunia nzima yupo Udzungwa peke yake. Hifadhi ile tangu 1992 na bado Watanzania wengi hawaijui.

Dereva wa Noah
Mkuu, mtu yuko Moshi anataka kwenda na kurudi Jumamosi. Mpaka afike Chalinze, Morogoro, Mikumi, aingie njia ya Ifakara mpaka Mang'ula, Jumamosi imeshaisha na Jumapili imeanza.

Mluguru Halisi
Nimesema panapofaa. Sikusema pa karibu.

Kijana wa Soweto
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Tuko kumi na mmoja. Watoto wanne, mdogo ana miaka mitatu. Mke wangu, wadogo zake wawili, jirani na mumewe, mimi, na mama mkwe ambaye amekuja kututembelea kutoka Tanga. Goti linamsumbua kidogo. Anayejua kuogelea ni mimi. Kidogo.

Dereva wa Noah
Sasa ndiyo tunaongea. Ungeanza na hayo.

Materuni nimepeleka wageni hata sijui mara ngapi. Gari inapanda Uru, barabara imesimama kama ngazi, na mvua ikinyesha udongo ule ni sabuni. Ukifika kijijini unalipa, halafu unatembea kwenye migomba na kahawa, watu wazima wasio na haraka kama dakika arobaini au saa nzima. Maporomoko yenyewe ni mita 80 hivi, yanakupiga mvuke kabla hujayafikia. Panapendeza sana, hilo silipingi. Ila sehemu kubwa ya bwawa maji hayana kina, ni ya kuchezea, na ubaridi wake unatoka Kilimanjaro. Nimeona wanaume wenye vifua wakiingia mpaka magotini wakatoka. Goti la mama mkwe kule kushuka na kupanda halitakushukuru.

Chemka goti litafika, gari inasogea karibu. Ila katikati hakuna mtu anayekanyaga chini, na pale maji yanapotokea kuna mkondo unavuta. Sasa hiyo "kidogo" yako ni kidogo gani? Maana watoto ni wanne na wewe ni mmoja.

Kijana wa Soweto
Kidogo ya kuvuka bwawa la hoteli kwa upana.

Dereva wa Noah
Basi hujui. Kodi maboya, na yule wa miaka mitatu mtu mzima mmoja amshike mkono muda wote, sio kumwangalia kwa mbali akiwa na simu.

Binti Tanga
Nyie mnajadili kina cha maji, mimi nauliza swali la maana: huyu kaka ataogelea na mama mkwe?? Atavua shati mbele ya mkwewe???

Ngosha84
Hahaa uzi umepata mwenyewe sasa.

Kijana wa Soweto
Nitavaa fulana na bukta ndefu. Kuna shida gani?

Binti Tanga
Fulana ikilowa ni sawa na kutovaa. Na yeye je? Unataka akukute umekaa, umuone anatoka majini na dera limemshika mwili? Mpeleke mke na watoto na mama mkwe, wewe baki kwenye gari.

Mama Kokoto
Mambo ya kizamani hayo. Mama mkwe wangu tulienda naye, alikaa chini ya mti na khanga zake, miguu ndani ya maji, samaki wakamdonoa akacheka mpaka machozi. Mimi mkwewe nilikuwa upande wa pili wa bwawa nabembea kwenye kamba. Kila mtu na eneo lake, heshima ikabaki palepale.

Binti Tanga
Alicheka kwa sababu alikuwa ugenini. Kwao angesimulia mtaa mzima. Halafu mama wa Tanga mnamchukulia kama hajui maji? Wengine tumekulia ufukweni. Huenda akaingia yeye na kumwacha mkwewe pembeni ameshika mizizi.

Mluguru Halisi
Kabla hamjaenda mahali popote penye mto, sikilizeni hili.

Mwaka fulani tulienda kwenye mto mmoja chini ya Uluguru, sitautaja. Tulikuwa watu kumi na tano wa mtaa mmoja, tumechangishana. Jua kali, maji yanafika kiunoni, unaona vidole vya miguu yako. Tukasogeza mawe matatu kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, tukainjika pilau. Wazo langu hilo, nalikiri. Nilisema pale hakuna siafu.

Saa nane hivi maji yakaanza kuleta majani makavu. Jani moja, mawili, halafu vijiti, halafu povu la rangi ya chai ya maziwa. Sisi tunacheza tu. Juu yetu kulikuwa na bibi anafua nguo. Akazikusanya zote kwa mara moja, hata zile zenye sabuni, akapanda ukingoni, ndipo akapiga kelele: "Tokeni! Mlimani imenyesha!" Tukaangalia juu, mbingu nyeupe. Jamaa mmoja akamjibu, "Bibi, mvua iko wapi?"

Tulipovuka kurudi ukingoni maji yalikuwa yamefika kifuani, na yanasukuma. Yule aliyemjibu bibi ndiye aliyebebwa, akanasa kwenye mwanzi, tukamvuta kwa khanga mbili zilizofungwa pamoja. Tukageuka kuangalia kisiwa, hakipo. Sufuria la pilau la kilo nne linaelea limesimama wima kabisa, mfuniko juu, moshi unatoka, linaenda zake. Lilikuwa sufuria la kuazima.

Bibi alitupa mihogo ya kuchemsha jioni hiyo. Hakusema neno lolote kuhusu mvua. Kuanzia siku hiyo nikiona jani moja tu limebadilisha rangi ya maji, mimi niko barabarani.

MuskatiKwaBibi
Pole sana Mluguru. Huku Omani ndiyo kabisa. Tukienda Wadi Shab (wadi ni bonde la mto kati ya milima) unavushwa kwa kiboti, unatembea kama dakika arobaini na kitu kwenye mawe, halafu unaogelea mpaka kwenye mwanya wa jabali unaopitisha kichwa tu, ndani kuna pango na maji yanaanguka. Pepo ya dunia. Lakini mawingu yakionekana milimani hakuna anayeingia wadi yoyote, na ikitangazwa mvua watu wanatolewa. Maji hushuka kutoka mbali, wakati ulipo wewe jua linawaka.

Ngosha84
Sufuria lilipatikana?

Mluguru Halisi
Nililipa.

nesi_mstaafu
Nimesoma uzi wote hakuna aliyetaja kichocho. Sisemi Chemka kipo au hakipo, sijapima maji yale. Nasema kwa ujumla: konokono wake wanapenda maji yaliyotulia au yanayokwenda taratibu, yenye majani kandokando, na mahali watu wanapojisaidia karibu. Vimelea vinaingia kwenye ngozi, huhitaji kunywa maji. Kujifuta taulo haraka kunapunguza kidogo tu, msikutegemee. Na msikimbilie kumeza prazikwanteli (dawa ya kichocho) kesho yake, dawa ile inaua minyoo iliyokomaa. Kama una wasiwasi kapime baada ya wiki sita mpaka nane, na mtoto akikojoa damu usisubiri wiki yoyote.

Ngosha84
Sisi wa Kanda ya Ziwa tumemezeshwa hizo dawa shuleni tukiwa tumepangwa mstari, zinanuka mpaka leo nazisikia. Ila nesi umesahau mamba. Maji ya Chemka yanakwenda Mto Kikuletwa, mto unaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na Nyumba ya Mungu mamba wapo.

Mama Kokoto
Nimeenda mara tisa sijaona hata mkia.

Ngosha84
Na mamba ndivyo anavyotaka.

Dereva wa Noah
Waulize wenyeji, oga pale wanapooga wao, usijifanye mvumbuzi wa kushuka na mto peke yako. Na Jumamosi nenda mapema. Kuanzia saa sita kuna muziki na vijana wanarukia kamba bila kuangalia nani yuko chini. Vipi Marangu, mmeisahau? Kinukamori haiko mbali na barabara, kuna zile sanamu za binti na chui, mama mkwe akae juu apewe hadithi yake.

Binti Tanga
Ngazi je?

Dereva wa Noah
Kushuka chini ngazi zipo. Nimesema akae juu.

Kijana wa Soweto
Wakuu nimemsomea wife sehemu ya kichocho. Kasema turudi kwenye maji ya klorini. Mama mkwe akasikia kutoka jikoni, akauliza huo mto unakwenda wapi. Nikamwambia Nyumba ya Mungu, halafu unakuwa mto Pangani mpaka baharini. Kumbe kwao ni Pangani mjini. Kasema mto ule ameuvuka kwa pantoni kwenda Bweni tangu yuko tumboni, kila mwaka anauona unaleta matope yake, na sasa anataka kuona unakotoka. Kuoga haogi, ila maji lazima ayaone. Kwa hiyo Chemka?

Dereva wa Noah
Kama ni kuona unakotoka, Chemka ni chemchemi moja tu. Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro, na upande wa pili kuna Ruvu inakutana nao hapo bwawani. Kiukweli ungempeleka mlimani.

Mama Kokoto
Na goti?

Mluguru Halisi
Sanje maji yake yanaenda Kilombero mpaka Rufiji, kama kuna mkwe wa huko.

Binti Tanga
Mluguru hebu pumzika.

Mama Kokoto
Jamani leo Jumatano usiku. Kijana, umelipa ya Boma au ya Uru?

Ngosha84
Mleta mada kaingia mitini. Akirudi mwambieni mayai achemshie nyumbani.